Zote ni Kijani

Bwawa la Ndiguri,
kupitia Siakago.
7 Februari 1999

Kwa dada Igoki,

Salamu nyingi kutoka huku kwa jua. Mimi ni mzima, sijui nyinyi huko Githongo. Mama mguu unaendeleaje? Mwambie ule unga wa uji Sahal aliniletea kwa lori, na bado sijamaliza. Koome amepanda darasa ama amekaa pale pale?

Kazi niliyopata ni ya kulinda nyumba ya mashine. Ni nyumba ya mawe juu ya ukuta wa bwawa, na ndani ni baridi kama kwetu asubuhi kwa sababu mashine hazipendi joto. Askari ni mimi, mfagizi ni mimi.

Kuna sanduku ya chuma kwa ukuta, ndogo kama redio ya marehemu baba. Injinia Muturi anaiita swichi, lakini si ya kuwasha stima. Iko na milango nane ya kuchomeka nyaya, na kila mlango uko na taa yake. Vile alinieleza, mashine za hapa zinaandikiana. Ile ya kupima maji inaandikia kompyuta, na kompyuta inaandikia geti ya bwawa na saireni iliyo chini mtoni. Kila neno linakuja na anwani mbele, kama hii barua. Swichi inasoma anwani, inapitisha neno kwa mlango wa mwenyewe, wengine hawasumbuliwi. Ile sanduku walikuwa nayo kabla ya hii ilikuwa inatangazia kila mtu kila kitu, kama mama Kaberia wa sokoni.

Taa ya kijani ikitulia, waya ni mzima. Ikipepesa, maneno yanapita. Ikizima, upande ule hakuna mtu. Sasa, mlango wa saba na wa nane zinaenda mahali pamoja. Waya wa saba, ule ambao ndani si shaba ni nyuzi za kioo, unashuka ukingo huu wa mto mpaka kwa saireni, halafu unavuka, unapanda ukingo ule mwingine mpaka unarudi kwa nane. Maneno yanapita kwa saba. Nane imefungwa makusudi, inangoja tu, kwa sababu zikiwa wazi zote neno moja litazunguka na kuzunguka mpaka nyaya zijae. Saba ikikatika, nane inajifungua yenyewe, na taa nyekundu ya juu inawaka kutuambia tumebaki na njia moja.

Muturi anakaa Embu. Waya wa kumpelekea habari za taa haujaletwa, kwa hivyo ananipigia kwa redio asubuhi na jioni. "Munyi, taa?" Nasema, "Zote ni kijani." Anasema, "Haya." Hayo ndiyo maongezi yetu, na mimi yananitosha.

Muthoni wangu, mume wako, nimemwona. Anachota mchanga chini huko, karibu na saireni, yeye na vijana wa huku. Mto ni mkavu, mbuzi wanalala katikati. Maji yakijaa kwa bwawa geti inajifungua, haingoji mtu, lakini saireni inalia kwanza na watu wanapanda juu wakicheka. Amesema anawasalimu.

Ni mimi ndugu yako,
Munyi

*

Githongo,
21 Februari 1999

Kwa Munyi,

Nimesoma barua yako nikicheka mpaka mama akaniuliza ni nani amefurahi hivyo. Ati mama Kaberia! Ningemsomea yeye.

Sisi tuko salama. Mama tulimpeleka Nkubu, wakamwosha kidonda, sasa anakanyaga. Tunapalilia kahawa na jua limekataa kuondoka. Koome amepanda, lakini amekuwa mrefu na maneno mingi, kila siku ni "baba atakuja lini".

Wewe hata kwa karatasi unaandika "muthoni", kama hakuna shemeji mwenye jina. Hayuko hapo kukusikia! Anaitwa Bundi. Andika tu, kalamu haitakatika. Najua vile tulilelewa, kwamba ndugu wa mke akimtaja mume kwa jina ni kama amemtukana mbele ya watu, lakini wewe unazidisha. Ile siku ya harusi ulimpa chai ukiangalia ukuta.

Sasa nakutuma. Tangu Krismasi hajafika nyumbani. Kila mara Sahal anakuja na mchanga peke yake na kuniambia, "Bundi ni mzima, mama Koome, ni kazi." Nenda umwambie mtoto wake anamuuliza. Usimwambie ni mimi nimesema.

Na hiyo sanduku yako, ukiwa peke yako usiku unaiongelesha? Usianze.

Dada yako,
Igoki

*

Ndiguri,
9 Machi 1999

Kwa dada Igoki,

Salamu. Nashukuru Mungu kama mama anakanyaga. Mimi mwili ni mzima.

Nilimpelekea muthoni maneno yako kama ni yangu. Alisema, "Mwambie huyo mtoto asome." Zaidi ya hapo sikuweza.

Lakini kuna jambo lingine. Wiki iliyopita niliingia ndani kufagia nikakuta saba imezima. Ilikuwa giza kabisa. Nane, ile siku zote haipepesi, ilikuwa inapepesa haraka haraka, na ile nyekundu ya juu imewaka. Nilichukua panga nikafuata waya vile nafanyaga nikikata majani. Nikashuka mpaka kwa watu wa mchanga. Walikuwa wanachimba njia ya lori la Sahal kushuka mtoni. Pale njia inapita, udongo ulikuwa mpya, umekanyagwa vizuri sana, vizuri kuliko udongo wa mahali pengine.

Muthoni alikuja akasimama juu ya huo udongo. Akasema, "Nilidhani ni mzizi." Nikaweka panga chini. Akasema, "Halafu nikaona si mzizi, nikavuta, nikadhani ni shaba. Si shaba, ni vioo kama nywele za mtoto. Ni nani huzika vioo?" Mimi nikaangalia miguu yake. Akasema, "Munyi, hawa wakijua ni mimi watanifunga. Nimalize hii kazi ya Sahal nirudi nyumbani, halafu wewe useme ni mchwa, ama useme chochote. Sawa?"

Dada, unanijua. Ningemwambia nini muthoni?

Nilipanda juu. Redio ikalia. "Munyi, taa?"

Nikasema, "Zote ni kijani."

"Haya."

Juzi kompyuta ilijaribu saireni yenyewe, vile Muturi aliipangia, na ililia, maneno yalipitia kwa nane. Kwa hivyo bado inafanya kazi. Lakini nimeelewa kitu moja ya hiyo sanduku ambayo alinieleza na sikuiweka maanani. Nikamuuliza kwa redio kama swali la kawaida, kwamba neno likifika na mlango wake umekufa, swichi inafanya nini. Akasema, "Inalitupa." Nikamuuliza kama inamwambia aliyetuma. Akacheka, akasema, "Munyi, inalitupa na inaendelea na kazi."

Tafadhali mwite arudi nyumbani. Akitoka hapo nitasema siku hiyo hiyo.

Ndugu yako,
Munyi

*

Githongo,
30 Machi 1999

Kwa Munyi,

Usikasirike nimechelewa kuandika. Mama kidonda kilirudi, tukarudi Nkubu, halafu binti wa shangazi, Sheila, akajifungua huko Mikinduri na nikaenda kumwona. Ni msichana. Wamempa jina la mama, na mama amefurahi sana amesahau mguu. Sheila anasema huko miraa imekauka, lakini nikiwa hapo wingu likakusanyika, na kurudi nyumbani nikanyeshewa kutoka stendi mpaka jikoni. Mvua imeanza. Watu wamepanda maharagwe. Mto wetu unasikika kutoka kwa mlango.

Koome atafunga shule wiki ijayo. Anakula kama watu wawili. Nimemshonea kaptura nyingine.

Hapo nje kuku zimenyamaza, nadhani itanyesha tena.

Lile jambo la waya, liache. Saireni si inalia? Umesema inalia. Bundi akifungwa, mimi nitasimama wapi, na wewe utaingia kwa hii boma ukiwa nani? Ataondoka hapo. Wewe nyamaza vile umezoea kunyamaza.

Dada yako,
Igoki

*

Ndiguri,
8 Aprili 1999

Kwa dada Igoki,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa mtoto wa Sheila.

Huku hakuna wingu hata moja. Udongo umepasuka. Lakini maji kwa bwawa yanapanda, na ni mekundu, yanaleta majani ya migomba na matawi ya kahawa. Ni mvua yenu inakuja. Wafugaji wanapeleka mbuzi mtoni wakiangalia juu, wanaona ni bluu, wanalala kwa mchanga.

Nimenyamaza vile ulisema. Lakini sasa nane imeanza tabia. Kwanza ilikuwa inapepesa haraka. Siku hizi inapepesa, inasimama, inakuwa giza kidogo, halafu inarudi. Nikihesabu pumzi iko, nikigeuka haiko. Kule ng'ambo waya unapita chini ya kijito, na kijito kimejaa, sijui kama maji yameingia mahali. Nikiwa nje nairudia kuiangalia. Hata nikila nimegeukia kwa ukuta.

Nilishuka kwa muthoni jana. Niliongea, dada. Nilisema, "Muthoni, ile njia tumebaki nayo inakufa."

Akauliza, "Saireni inalia ama hailii?"

"Ililia juzi."

"Basi unaogopa taa? Wewe ni mende?"

Vijana walicheka mpaka mmoja akaangusha koleo. Hata Sahal alicheka kwa dirisha la lori. Mimi nikacheka pia, kwa sababu sikujua kufanya nini na uso wangu. Halafu muthoni akanipigapiga bega, akasema kwa sauti ya chini, "Safari mbili tatu za mchanga, Munyi. Nimeambia Sahal. Halafu naenda kumwona Koome."

Safari mbili tatu. Nitangoja hizo. Zikiisha na bado yuko hapo, nitamwambia Muturi, na unisamehe mapema. Andika haraka. Mwite kwa ukali, wewe unaweza.

Munyi

*

Githongo,
14 Aprili 1999

Kwa Munyi,

Sijapata barua kutoka kwako siku nyingi, sijui kama posta imelala ama ni wewe. Huku tunalala na mvua, tunaamka na mvua. Daraja la chini limefunikwa, na mwalimu Gitari amepoteza ng'ombe.

Nimechoka kutuma maneno na maneno hayarudi. Wewe nilikutuma ukashindwa, Sahal nikamtuma akashindwa. Sasa nimemtuma mtu ambaye Bundi hawezi kumkataa. Koome amepanda lori la Sahal leo asubuhi. Nimemwambia aende akae na baba yake hapo hapo mchangani, wakichota wachote pamoja, na asirudi bila yeye. Ametoka hapa akiimba.

Mwangalie. Mpe uji wa mama kama bado uko.

Igoki

*

Ndiguri,
22 Aprili 1999

Dada,

Hii barua nampa Sahal mkononi. Anakuja na Koome. Mpokee kwanza mtoto, halafu usome. Ako mzima. Mkono umechubuka pale nilimvuta.

Ile yako ya kusema umemtuma niliipata jana, maji yakiwa yameshapita. Koome alikuwa huku karibu wiki nzima na mimi sikujua. Sikushuka hizo siku. Niliogopa kuchekwa.

Juzi, jua likiwa kali, nane ilizima na haikurudi. Nilingoja irudi vile inarudigi. Nikaweka kidole kwa waya, nikausukuma ndani, taa haikurudi. Saba giza, nane giza, na ile nyekundu. Milango mingine yote ilikuwa inapepesa vizuri, geti inaandikiana na kompyuta kama hakuna kitu. Na maji yalikuwa yamefika kwa ile alama ya geti kujifungua.

Nikachukua redio mimi mwenyewe, mara ya kwanza mimi kumpigia. Nikasema, "Saba na nane zimekufa." Muturi akauliza, "Zote? Saba tangu lini?" Nikasema, "Tangu Machi." Nikasikia akisema pole pole, kama mtu anaongea na mgonjwa, "Geti siwezi kuizuia, Munyi, ukuta utavunjika. Kompyuta imeshatuma neno la saireni. Unaisikia?"

Sikuwa nasikia kitu. Ni ndege tu.

Akasema, "Kimbia."

Nilikimbia na ukingo. Nyuma yangu geti ikaanza kuguruma. Nilipofika kwa ile njia ya lori, wote walikuwa katikati ya mto na lori lilikuwa linanguruma likitaka kutoka na mzigo. Niliita. Vijana wakatoka. Sahal akakanyaga mafuta, akatoka. Koome nilimjua kwa kaptura, nikaingia nikamvuta.

Muthoni nilimwita. Hakufika.

Tunamtafuta chini huko na wafugaji. Bado hatujampata. Usije, njia ni mbaya. Tukimpata nitamleta.

Munyi

*

Githongo,
9 Mei 1999

Kwa Munyi,

Tulimzika Ijumaa iliyopita. Asante kwa kutuma mwili na watu wazuri. Wale wafugaji walikaa mpaka mwisho na hawakutaka hata kula. Kila mtu aliuliza uko wapi. Nilisema ni kazi. Sahal alikuwa anataka kusema ni polisi, nikamwangalia akanyamaza.

Mvua imepungua. Maharagwe yameoza chini, yale ya juu yamepona. Mama anauliza kama unakula.

Koome haongei. Analala na mimi kama mtoto mdogo, mrefu hivyo. Jana nikiwa natoa majani kwa kahawa akaja akasimama karibu, akasema, "Mama, baba alimsikia mjomba." Nikamwambia kulikuwa na kelele ya lori. Akasema, "Hapana. Alimsikia. Kila mtu alisikia. Sisi tulikimbia, baba akasimama."

Sijamuuliza zaidi. Nakuuliza wewe. Bundi hakuwa kiziwi na hakuwa mzee, na alikuwa karibu na ukingo kuliko Koome. Ulimwitaje?

Igoki

*

Ndiguri,
16 Mei 1999

Kwa dada Igoki,

Nimepokea barua yako. Mwambie mama nakula.

Polisi wa Siakago waliniachilia nirudi hapa mpaka siku ya kuitwa. Niliwaambia nilijua waya umekatika na nikadanganya kwa redio. Waliuliza nani alikata. Nikasema sikuona, na ni kweli, nilikuta udongo tu. Waliuliza kama kuna mtu aliniambia ninyamaze. Nikasema hakuna.

Mafundi wamekuja na waya mpya. Saba inapepesa, nane imetulia, nyekundu imezima. Muturi bado ananipigia asubuhi na jioni. Nikisema zote ni kijani hasemi haya. Nasikia gari lake likiwaka, anakuja kuangalia mwenyewe.

Umeuliza. Kwanza niliita, "Muthoni! Muthoni, tokeni!" Sauti yangu unaijua, na lori lilikuwa linanguruma. Hakuna mtu aligeuka. Niliita tena na nikaona kijana mmoja ananicheka, anawaonyesha wengine huyu wa taa amekuja. Nyuma yangu nilikuwa nasikia mawe yakigongana ndani ya maji.

Basi nikaita, "Bundi!" Nililitoa kwa sauti ambayo sijawahi kuwa nayo. "Bundi! Wewe Bundi!"

Wale vijana wakaacha kucheka. Walijua mimi ni ndugu wa mke wake. Waliposikia nimemtaja hivyo mbele ya watu, walijua kuna kitu kimeharibika, na wakakimbia bila kuuliza.

Yeye hakukimbia. Aliweka koleo chini. Aligeuka akanitazama usoni, na mimi nikamtazama, mara ya kwanza tangu akuoe. Alikuwa ananingoja niseme kwa nini nimemtukana.

Munyi